Malkia, Niachie Sikio

Mke wangu hajapata kunipiga hata siku moja. Naliandika jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu mtaani kwetu, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wapo watu wazima wenye akili zao timamu ambao mpaka leo wakikutana nami kichochoroni hunishika bega, wakatazama kushoto na kulia, kisha wakaniuliza kwa sauti ya chini kama mambo ya nyumbani yametengemaa. Mambo ya nyumbani hayakuharibika. Vilivyoharibika ni vidole vyangu vinne, sikio langu la kushoto na jina langu, na vyote hivyo viliharibiwa na kiumbe mmoja ambaye uzito wake haufiki nusu kilo.

Kiumbe huyo aliletwa kwetu na shangazi yangu mwezi wa Machi, alipokuwa anajiandaa kwenda Maskati kumtazama bintiye aliyekaribia kujifungua. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Malkia, na umri wake unazidi miaka 30, kwani marehemu mume wa shangazi alimnunua Kigoma mwaka 1989 kwa mchuuzi aliyetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zama ambazo si wengi waliokuwa wakiulizana karatasi. Shangazi alitaka kusafiri naye. Alipokwenda kuuliza utaratibu alielezwa kwamba tangu nchi wanachama wa Mkataba wa CITES, ule unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipokutana Johannesburg mwaka 2016, kasuku wa kijivu amewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, pamoja na chui na sokwe, kwa hiyo havuki mpaka bila kibali cha nchi anayotoka na kibali cha nchi anayokwenda. Shangazi, ambaye alikuwa ametokwa jasho la kutosha kwa kuitafuta viza yake mwenyewe, alisema kwamba hana umri wa kumsimamia ndege mbele ya serikali mbili. Akaniletea mimi, kwa hoja kwamba mimi ni mwalimu.

"Umefundisha watoto wa watu miaka 18," akaniambia. "Utashindwa na ndege?"

Nikamuuliza kama anauma.

"Hamuumi anayemjua," akajibu. Nikilipima jibu hilo leo, naona kwamba halikuwa na neno "hapana" mahali popote.

Aliniachia na sharti moja zito. Malkia asitangazwe. Ndege wa namna yake ana bei, na wezi wana masikio, kwa hiyo shangazi alimleta usiku, tundu likiwa limefunikwa kanga, na akanitaka nimweke chumba cha ndani, juu, nisimwambie jirani wala mwanafunzi. Nililishika sharti hilo kwa uaminifu ambao ungenifaa zaidi kama ningeuelekeza kwingine. Kanga yenyewe, ambayo tuliendelea kumfunikia kila ikifika saa moja ya usiku ili apate usingizi wa saa 10 hadi 12 anaouhitaji, iliandikwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Sikuyatilia maanani maneno hayo.

Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa tundu, nikanyoosha kidole cha shahada kama nilivyokuwa nikimwona shangazi akifanya, nikasema kwa upole, "Panda." Malkia aliinama, akafungua mdomo, akauleta taratibu kuelekea kidole changu. Mtu yeyote aliyewahi kuutazama mdomo wa kasuku kwa karibu atanielewa kwa nini niliuvuta mkono. Mdomo ule uliumbwa upasue kokwa za michikichi katika misitu ya Kongo, na kidole cha mwalimu si kokwa. Nilipovuta, yeye akayumba na karibu aanguke. Nikanyoosha kidole mara ya pili, na safari hii hakuja taratibu.

Nilikuja kuelezwa, baada ya damu nyingi kumwagika, kwamba hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Kasuku ana miguu miwili, kila mmoja una vidole viwili mbele na viwili nyuma, lakini kiungo chake cha tatu cha kupandia ni mdomo. Kabla hajahamia kwenye tawi jipya hulishika kwanza kwa mdomo, apime kama limekaa imara, kama vile mzee anavyoitikisa ngazi kabla ya kuikabidhi magoti yake. Malkia hakutaka kuniuma asubuhi ile. Alikuwa ananitikisa. Nami nikamthibitishia kwamba mimi ni tawi linalokimbia, na tangu siku ile kila aliponishika alinishika kwa nguvu zote za mtu aliyeapa kwamba tawi hili halimponyoki tena.

Kwa kuwa sikuweza kuomba ushauri mtaani, niliomba Pemba, kwa shemeji yangu, ambaye amefuga kuku maisha yake yote na anaamini kwamba ndege ni ndege. Kwanza aliniambia nivae glavu nene za fundi ujenzi. Nilivaa. Malkia alipoona mikono miwili mikubwa ya rangi ya chungwa inaingia nyumbani kwake alijibanza kwenye kona, akapiga ukelele ambao sikujua kwamba kiumbe wa ukubwa ule anaweza kuubeba, na alipotulia aliichambua glavu ya kulia mshono kwa mshono mpaka akanifikia. Ikawa sasa anaogopa glavu, na anaogopa pia mkono usio na glavu kwa kuwa ulifanana na glavu.

Shemeji akaja na shauri la pili, ambalo ningeomba lisifike mbali na ukurasa huu. Alisema nipake pilipili mbuzi kidoleni, kwamba Malkia akionja mara moja hatarudia. Nikatwanga pilipili tatu, nikapaka kidole cha shahada na cha kati, nikavinyoosha mbele yake kwa utulivu wa mtu aliyetega mtego na anajua ulipo. Malkia alivilamba. Alivilamba kwa unadhifu, cha kwanza, kisha cha pili, halafu akainua uso akanitazama kama mgeni anayesubiri kuongezewa mchuzi. Sikujua wakati ule kwamba ndege hawauhisi ukali wa pilipili, kwa kuwa ile kapsaisini inayotuchoma sisi haina pa kushika katika neva zao, na ndiyo maana porini ndege ndio wanaozila pilipili na kuzisambaza mbegu zake bila kulalamika. Alipomaliza kilichokuwa juu ya ngozi, aliuma ili atafute kilichokuwa chini yake. Nikabaki na jeraha lililojaa pilipili, machozi yakanibubujika, na mimi, mtu mwenye shahada ya ualimu, nikafanya jambo ambalo kila mtoto wa nyumba yenye jiko hukatazwa kabla hajaijua alifu: niliyafuta machozi kwa mkono uleule.

Mke wangu ni muuguzi. Aliporudi kazini jioni ile alinikuta nimeinamia beseni la maji, jicho limevimba kama andazi, nikimwomba Malkia msamaha kwa sauti. Hakusema neno. Alinisafisha, akanifunga bandeji mbili nadhifu sana, akampa Malkia kipande cha embe, akaenda kupika. Huo ni upande mwingine wa dhuluma hii: yeye hakuumwa hata mara moja, kwa sababu alikuwa anapita mbele ya tundu na shughuli zake bila kumhitaji Malkia kwa lolote.

Mtaani niliulizwa kuhusu vidole. Nikikumbuka sharti la shangazi, nilisema nimejibana na mlango. Wiki iliyofuata kidole cha tatu kilifungwa, nikasema ni kisu cha jikoni. Cha nne nilisema nimeanguka ngazini, na nilipolisema hilo barazani, kahawa mkononi, niliona wanaume watano wakitazamana kwa huruma nisiyoielewa.

Lazima nikiri pia kwamba nilikuwa napiga kelele. Malkia akishika haachii, anasaga, na mtu anayesagwa hachagui maneno. Yangu yalikuwa yaleyale kila siku: "Malkia, niachie! Nakusihi! Basi, sirudii tena!" Nilimaanisha sirudii kutia mkono tunduni. Na ili aniachie nilijifunza kumpa karanga kwa mkono wa pili, naye akaachia papo hapo ili aipokee, jambo ambalo niliona kuwa ni maendeleo.

Sikio lilikuja mwezi wa Mei. Nilikuwa nimeona picha za watu waliotulia na kasuku begani, nikashawishika kwamba tatizo ni mikono tu, na kwamba mabega yangu hayajamkosea. Siku ile Malkia alipanda bila ubishi, akatembea hadi shingoni, akatulia. Nilimwita mke wangu aje aone. Kosa la bega, nalijua sasa, ni kwamba humwoni ndege usoni, naye anakuona wewe kila mahali panapoumika. Mke wangu alipotokea mlangoni alisema, "Mbona manyoya ya kisogoni yamemsimama?" na kabla sijauliza maana yake, sauti yangu ilikuwa imeshafika mtaa wa pili. "Malkia, niachie sikio! Nakusihi, mke wangu anatazama!"

Sentensi hiyo, kwa mtu aliyeisikia akiwa ndani ya nyumba, ilikuwa na maana moja. Kwa mtu aliyekuwa kichochoroni, ambaye kwake hakuna ndege, na ambaye anafahamu kwamba waume wengi wa hapa huwaita wake zao "malkia wangu" wakiwa na shida, ilisikika hadi neno la tatu tu, kwa sababu yaliyofuata yalimezwa na kilio.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo nikiwa nimevaa kofia iliyoshuka hadi masikioni. Kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi, lakini alipokuwa akisoma Morogoro aliwahi kukaa nyumba moja na kasuku, na alikuwa na makovu ya kunionyesha. Sikutegemea maswali yake. Hakuuliza ndege anakula nini wala analala wapi. Aliuliza, "Akikuuma, wewe unafanya nini?" Nikamweleza: napiga kelele, narusha mikono, nampa karanga. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwalimu," akasema, "hapa mafunzo yamekwishafanyika, tena vizuri. Anajua kwamba akikuuma utaimba, utacheza, halafu utamlipa. Ni wewe uliyefunzwa."

Akanieleza mambo ambayo ningeyapata miezi miwili mapema sikio langu lingekuwa na umbo lake la kuzaliwa. Kwamba nimtazame macho: mboni zikianza kutanuka na kusinyaa haraka, na manyoya ya kisogo yakisimama, huo si wakati wa kunyoosha kidole, kwani ndege anayeuma huwa amekwisha kutoa taarifa tatu au nne ambazo aliyeumwa hakuzisoma. Kwamba akishika nisivute wala nisipige kelele, bali nimshushe polepole, nimpe mgongo kwa muda mfupi, nirudi kana kwamba halikutokea jambo. Kwamba mbegu za alizeti, ambazo shangazi alikuwa akimjazia kibakuli asubuhi na jioni, ziondolewe kibakulini zibaki kuwa zawadi tu, kwa kuwa zina mafuta mengi na si chakula cha kutegemea, na badala yake ale mchicha, karoti, papai na mboga nyingine, lakini parachichi asionjeshwe kabisa maana ni sumu kwake. Kisha akanipa somo lenyewe: nichukue kijiti, nimwonyeshe kwa mbali, na kila akikigusa kwa mdomo nitoe mlio mfupi wa aina moja na palepale nimpe mbegu moja. Mdomo upate kazi nyingine ya kulipwa.

Aliniambia pia habari za Alex, kasuku wa kijivu ambaye mtafiti Irene Pepperberg alimnunua dukani Marekani mwaka 1977 na kumfundisha mpaka alipokufa mwaka 2007, akiwa anajua maneno zaidi ya 100, pamoja na rangi na maumbo na hesabu ndogo ndogo. Alisimulia ili anitie moyo. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kama ndege mmoja aliweza kujua yote hayo, huyu wa kwetu hakika alikuwa anajua anachonifanyia.

Kijiti nilikipata kwa muuza mishikaki, nikakivunja ncha. Mlio niliupata mfukoni mwangu: kalamu ya kubonyeza, ileile ninayosahihishia madaftari. Nilinunua alizeti Darajani, nikafungua daftari la mahudhurio lililobaki wazi, nikaanza kusajili maumivu kwa tarehe. Wiki ya kwanza niliumwa mara 11. Ya pili, mara 4. Ya tatu, mara 1, na hiyo nilistahili, kwa kuwa macho yalikuwa yanacheza nami niliyaona. Sikupiga kelele hata mara moja. Niliuma meno, nikamshusha Malkia kwenye kiti, nikaugeukia ukuta, nikahesabu hadi 20 kwa Kiarabu. Kufikia mwisho wa Juni alikuwa anakigusa kijiti upande wa kulia wa tundu, upande wa kushoto, kisha juu ya mkono wangu wenyewe, na siku alipoushika mkono wangu kwa mdomo, akautikisa kidogo, akauona hauendi popote, akapanda, nilikaribia kulia, ila kwa utaratibu mpya nililia kimyakimya.

Yalitokea hata hivyo mambo mawili ambayo daktari hakunitahadharisha. La kwanza ni kwamba Malkia aliujua mlio wa kalamu. Alikaa siku tatu akinisikiliza, ya nne akautoa mwenyewe, "kliki", sawasawa na ule wangu, kisha akanyoosha shingo kudai mbegu. Nikawa na mwanafunzi anayejisahihishia daftari na kujipa alama zote.

La pili lilikuwa zito zaidi. Nyumba yetu ilikuwa imezoea kelele kila asubuhi, na mimi niliponyamaza, nafasi ilibaki wazi. Malkia aliichukua zamu yangu. Kasuku wa kijivu hunasa kwa urahisi maneno yanayotamkwa kwa hisia kali, na sidhani kama Unguja nzima mwaka ule kulikuwa na maneno yaliyotamkwa kwa hisia kali kuliko yale yangu. Kila siku, mara tu baada ya sala ya alfajiri, wakati vichochoro viko kimya na madirisha yamefunguliwa kupokea upepo, sauti yangu mimi, yenye mkwaruzo wangu na lafudhi yangu, ilianza kutoka ghorofani: "Malkia, niachie! Nakusihi! Niachie sikio! Basi, sirudii tena!" Ikifuatwa, na hili ndilo lililowaumiza watu zaidi, na kicheko cha mke wangu, ambacho alikuwa amekinasa pia.

Nilikuwa msikitini saa hizo. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa mwisho mtaani kujua jinsi ninavyopigwa. Na waliokuwa msikitini pamoja nami, ambao wangeweza kunitolea ushahidi, walikuwa wakibaki kusoma Kurani kama mimi. Waliosikia ni wale waliokuwa majumbani, yaani wake zao.

Dalili zilianza kunifikia moja moja. Muuza samaki aliniongezea changu wawili bila kuombwa, akasema, "Mwalimu, kula upate nguvu." Mwalimu mwenzangu pale skuli alinivuta pembeni akanieleza kwamba hata mjomba wake aliishi hivyo miaka tisa na leo yuko huru. Ijumaa moja hotuba ilihusu haki za mume na mke, na nikaona safu nzima ya mbele yangu ikigeuka, kichwa kimoja baada ya kingine, kunitazama. Nilidhani wananiangalia sikio.

Walikuja siku ya Jumatano baada ya isha: sheha wetu, wazee wawili, na bibi wa nyumba ya mkabala, ambaye dirisha lake na letu zinaweza kuazimana chumvi. Nikawakaribisha juu. Sheha alianza mbali, kwa habari za mvua na bei ya mchele, kama inavyotakiwa, kisha akatua.

"Mwalimu," akasema, "ndoa ni kuvumiliana, lakini kuvumiliana kuna mpaka. Sisi hatukuja kuhukumu. Tumekuja kusikiliza. Bibi hapa amesikia kwa masikio yake."

"Kila siku," bibi akasema. "Kila siku ya Mungu, mwanangu. Unalia wewe, anacheka yeye."

Wakati huohuo mke wangu akaingia na sinia la chai na kaimati. Watu wanne waliitazama mikono yake. Akainama kuliweka sinia mezani, na kiwiko chake kikapita karibu na sikio langu la kushoto. Naapa kwamba sikukusudia. Ni mazoea tu ya mtu aliyeishi miezi miwili akilinda sikio hilo dhidi ya chochote kinachotokea upande wake. Niliinama ghafla, nikajikinga kwa mkono wenye bandeji.

"La haula," akasema mzee mmoja, akakirudisha kikombe mezani.

Nikasema ni kasuku. Nikasema vidole ni kasuku, sikio ni kasuku, sauti ni kasuku, Malkia ni kasuku. Mke wangu angeweza kunisaidia kwa kusema neno moja, lakini alikuwa ameshaelewa shauri lote na ameukumbatia mlango akicheka, kicheko kilekile, na bibi akanyoosha kidole kumwelekea, kama shahidi aliyemtambua mtuhumiwa. Nikawaongoza chumba cha ndani. Nikaiondoa kanga, na bibi, ambaye husoma kila kanga anayokutana nayo, akaisoma kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Akanitazama kama kwamba nimeiandika mimi.

Malkia alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha kwenye manyoya ya tumbo, macho nusu yamefumba. Nilimsemesha, hakujibu. Nikamsihi. Nikasema mwenyewe, "Malkia, niachie sikio," ili nimkumbushe, na hivyo ndivyo wazee walivyonisikia kwa mara ya kwanza nikiyatamka maneno hayo kwa kinywa changu. Kasuku wengi hunyamaza mbele ya wageni, na huyu alinyamaza kama aliyelipwa.

"Ndege kama huyu," akasema bibi kwa uchungu. "Anamsingizia ndege."

Tukarudi ukumbini, nikaliacha tundu bila kulifunika. Sheha akasema kwamba kwa kuwa mume bado yuko katika hofu na hawezi kusema, yeye ataandika maelezo mafupi, sote tuweke saini, na mke aahidi mbele ya wazee. Akatoa daftari. Akatoa kalamu. Akaibonyeza.

Chumba cha ndani kikajibu: "Kliki."

Sheha akaitazama kalamu yake, akaibonyeza tena. "Kliki, kliki," likaja jibu, kisha vishindo vya mtu mdogo anayeshuka vyuma vya tundu kwa haraka, na kwa kuwa mbegu haikuonekana, Malkia akaamua kutoa kila alichokuwa nacho. "Malkia, niachie! Nakusihi! Niachie sikio! Sirudii tena!" Halafu kicheko. Sauti ilikuwa yangu kiasi kwamba mzee wa kwanza alinitazama mdomoni, nami nikaufunga kwa mkono ili asibaki na shaka.

Sijapata kuona watu wakifurahi hivyo. Bibi alilia kwa kucheka, akamkumbatia mke wangu. Sheha akafunga daftari, akaenda chumba cha ndani, akasimama mbele ya tundu, na kwa moyo mkunjufu wa mtu aliyepata mwisho mwema wa kesi, akapenyeza kidole cha shahada kati ya vyuma. Malkia aliinama, akafungua mdomo, akauleta taratibu.

"Usivute!" nikapiga kelele.

Akavuta.

Alipofuata hakuja taratibu, na sheha, mtu mzima anayeheshimika, akapiga ukelele uliokwenda moja kwa moja dirishani: "Yallaa! Mama wee, nimekwisha!" Mke wangu akaleta dawa na bandeji, akamfunga kwa mtindo uleule anaonifungia mimi, na fundo lake lilelile.

Chini, barazani, watu walikuwa wamejaa kusubiri matokeo. Kutoka ghorofani walikuwa wamesikia mwalimu akilia mbele ya wazee wa suluhu, kisha mwanamke akicheka, kisha sheha mwenyewe akimwita mama yake. Sasa wakamwona sheha anatoka mlangoni, kidole kimefungwa kama vyangu, na nyuma yake mke wangu, ambaye kwa adabu aliyolelewa nayo aliwasindikiza hadi kizingitini akasema, "Karibuni tena." Baraza zima lilisimama. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa njiani pake alisogea bila kuambiwa.

Bibi alijitahidi kueleza ukweli. Alizunguka mlango kwa mlango akisema ni kasuku, ni kasuku, na walimsikiliza kwa upole, kisha wakasema kwamba naye maskini ametishwa. Sheha, nilipomwomba aseme neno, aliniambia kwamba kwa maoni yake jambo hili likiachwa litapoa lenyewe, maana hakupenda ijulikane kwamba amelia kwa ajili ya ndege. Mke wangu hakukanusha chochote. Tangu siku ile hapewi samaki wa jana, na foleni ya mkate humpisha.

Shangazi alirudi mwishoni mwa Julai, akamchukua Malkia wake kwenda naye Michenzani, kwenye yale majumba marefu ambako ukuta mmoja hutumikia familia mbili. Nilimkabidhi kijiti, kalamu na daftari la mahudhurio, na mbele yake Malkia akapanda mkononi mwangu bila kunigusa ngozi. Nilijivuna kidogo. Siku nne baadaye akanipigia simu alfajiri, kwa sauti ya mjane mtu mzima aliyestahiwa maisha yake yote.

"Mwanangu," akasema, "majirani wamenijia. Wanataka kujua hawa wanaume wawili wanaolia chumbani kwangu kila asubuhi ni kina nani. Na yule wa pili, mmoja anasema sauti yake anaijua."

Nyuma yake, kwa mbali, nilimsikia sheha wetu akimwita mama yake.